Mfuatano wa safu katika faharasa huamua kasi ya kupanga matokeo

Unapotengeneza faharasa (index, yaani orodha iliyopangwa inayoisaidia hifadhidata kupata data haraka) ya safu mbili (columns) katika hifadhidata ya PostgreSQL au MySQL, zingatia kwamba safu ya kwanza ndiyo inayotawala mpangilio, na ya pili hupangwa ndani ya kila thamani ya ile ya kwanza. Kwa hiyo faharasa ya mteja na tarehe hutoa oda za mteja mmoja zikiwa tayari zimefuatana kwa tarehe. Ukiomba oda za wateja wote kwa tarehe pekee, hifadhidata italazimika kuzipanga upya, na kwenye jedwali kubwa gharama yake ni nzito.

Mwelekeo nao husahaulika mno. Faharasa husomeka kutoka mbele au kutoka nyuma, hivyo ile inayopandisha safu zote mbili (kutoka ndogo hadi kubwa) hufaa pia zote mbili zinaposhuka, lakini ukitaka mteja apande huku tarehe ikishuka, ni bora uitengeneze hivyo tangu mwanzo. MySQL kabla ya toleo la 8.0 ilipokea neno DESC (la kushusha mpangilio) katika faharasa bila kulitekeleza. Thibitisha kwa EXPLAIN, amri inayoonyesha jinsi hifadhidata itakavyotekeleza ombi lako: MySQL ikiandika “Using filesort”, matokeo yanapangwa nje ya faharasa.