Namna ya Kumsoma Krishna Sobti Bila Kukata Tamaa

Usianze na Zindaginama. Wengi huanza nayo kwa sababu ndiyo iliyompatia Krishna Sobti, mwandishi wa India aliyeandika kwa Kihindi, tuzo ya Sahitya Akademi, taasisi ya taifa ya fasihi ya India, mwaka 1980, na kwa sababu kila anayemtaja huitaja. Lakini riwaya hiyo haina mhusika mkuu wala kisa kimoja cha kufuata. Ni kijiji kizima cha Punjab kinachozungumza kwa wakati mmoja, na msomaji ambaye bado hajazoea sikio la mwandishi huyu huiweka chini mapema, akidhani kosa ni lake. Kosa ni la mpangilio tu.

Sobti alibadilisha lugha kwa kila kitabu. Wanakijiji wa Punjab hawasemi kama mawakili wa Delhi ya zamani, na mama anayekaribia kufa hasemi kama mkemwana mgomvi. Kwa hiyo mpangilio unaofaa hauendi kwa tarehe. Unaanza na sauti chache, kisha unaongeza.

Anza na hadithi fupi Sikka Badal Gaya ya 1948. Inasomeka kwa kikao kimoja. Shahni, mjane tajiri, anaoga mto Chenab alfajiri, kisha anatakiwa kuiacha nyumba yake kwa sababu nchi imegawanywa kuwa India na Pakistan. Isome mara mbili. Mara ya kwanza fuata matukio. Mara ya pili mwangalie Sheru, kijana aliyelelewa na Shahni, na pima jinsi woga, shukrani na tamaa vinavyobadilishana nafasi ndani yake. Sobti haelezi hisia hizo. Ameziweka katika anachofanya Sheru na anachoshindwa kukisema. Ukiikosa mbinu hii hapa, utaikosa kila mahali.

Kisha chukua Mitro Marjani, ya katikati ya miaka ya 1960. Kabla ya ukurasa wa kwanza, chora ukoo kwenye karatasi: Gurudas na mkewe Dhanvanti juu, chini yao wana watatu, Banwarilal, Sardarilal na Gulzarilal, pembeni ya kila mmoja mkewe. Mitro ni mke wa Sardarilal. Bila mchoro huo majina yanayofanana yatakuchanganya, maana watu wanaingia na kutoka chumbani wakisema bila kutambulishwa. Ugomvi usome kwa sauti. Maneno ya Mitro yameandikwa yasikike, na mzaha wake hufa ukisomwa kimya kwa haraka.

Kosa kubwa kwa riwaya hii ni kuigeuza bango. Mitro anasema waziwazi kwamba anatamani mapenzi ya mwili na mumewe hamtoshelezi, jambo lililowashtua wasomaji wa wakati ule. Anayetafuta shujaa wa kuvunja ndoa hukasirika mwishoni, Mitro anapomrudia mumewe. Rudi kwenye tukio la nyumbani kwa mama yake, Balo, aliyeishi kwa wanaume wengi. Mitro anauona uzee wa mama yake na upweke wake, na hapo ndipo uamuzi unapotoka. Ukikubali au usikubali, soma sababu kabla ya kuhukumu.

Kitabu cha tatu ni Ai Ladki, cha 1991. Mama yuko kitandani, binti asiyeolewa yuko kando yake, na Susan anamhudumia mgonjwa. Karibu chote ni mazungumzo, na mara nyingi hakuna "alisema". Shika penseli, na kila unaposita kujua nani anasema, weka herufi pambizoni: M kwa mama, B kwa binti. Usiweke kwenye kila mstari, vinginevyo utapoteza mwendo. Angalia zaidi pale binti anapojibu kwa neno moja au anaponyamaza: mama anasifu uzazi na kumwonea binti wivu wa uhuru wake kwa pumzi hiyo hiyo, na anayejibu kwa kunyamaza hajakubali.

Dilo-Danish, ya 1993, ndiyo ngazi ya kukupeleka kwenye kazi kubwa. Uko Delhi ya kale, mwanzoni mwa karne ya 20. Wakili Kripanarayan ana mke, Kutumb, na ana hawara, Mehak Bano, aliyemzalia watoto wawili. Kihindi chake kimejaa Kiurdu cha mabwana wa mji. Fuata vito. Mama yake Mehak aliviacha mikononi mwa wakili, na siku Mehak anapovidai, mizani ya nyumba zote mbili inageuka. Msomaji anayefuata mapenzi peke yake humwona Mehak mnyonge hadi mwisho, na hapo atakuwa amemsoma vibaya.

Sasa Zindaginama, ya 1979. Kurasa 15 hadi 20 kwa siku zinatosha. Usijaribu kukariri majina yote. Shika watu wa nyumba ya akina Shah pekee, yaani Shahji, ndugu yake Kashi na Shahni, na waache wengine wapite kama wapitavyo barazani. (Shahni huyu usimfanye yule wa hadithi ya 1948, ingawa wanatoka mazingira yale yale.) Nyimbo na mashairi usiyaruke, kwa kuwa ndiyo yanayobadilisha majira na hali ya kijiji. Kila deni linapotajwa, weka alama. Akina Shah ni wakopeshaji, wakulima wengi ni Waislamu, na hesabu hizo zinaonyesha ufa uliokuwepo miongo kadhaa kabla ya mgawanyo wa 1947, katikati ya mapenzi ya kweli ya majirani. Anayesoma kitabu hiki kama sifa za zamani njema amekisoma nusu.

Historia ya riwaya hii inafaa kujulikana kabla ya kuchagua tafsiri. Mswada wake wa kwanza, Channa, ulipelekwa kwa mchapishaji wa Allahabad mwaka 1952. Sobti alipoona maneno yake ya Kipanjabi na Kiurdu yamebadilishwa kuwa ya Kisanskriti, lugha ya kale ya India, alizuia uchapishaji na akalipa gharama za nakala zilizokwisha kuchapwa. Aliuandika upya, ukatoka ukiwa Zindaginama. Channa yenyewe ikachapishwa 2019. Mwandishi aliyelipa ili maneno yake yasisafishwe anastahili mfasiri mwangalifu. Fungua tafsiri popote penye mazungumzo: mkulima, bwana na mjakazi wakisema kwa namna moja, tafuta nyingine.

Kwa anayeandika makala juu yake, mitego michache. Alizaliwa 1925 Gujrat, mji wa Punjab ulio Pakistan leo. Si Gujarat, jimbo la India. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha Gujrat Pakistan Se Gujrat Hindustan, kitabu kinachosimulia kazi aliyoifanya Sirohi, Rajasthan, baada ya mgawanyo, akimlea maharaja mtoto. Mambo ya maisha yake yachukue humo, si kwa akina Mitro. Hashmat, jina la kiume lililo kwenye Hum Hashmat, ni Sobti mwenyewe akiandika juu ya waandishi wenzake. Alikataa Padma Bhushan, nishani ya serikali ya India, mwaka 2010, akarudisha heshima za Sahitya Akademi 2015, akapokea Jnanpith, tuzo kubwa ya fasihi ya India, ya 2017. Usiyachanganye matatu haya. Alifariki Delhi Januari 2019.

Surajmukhi Andhere Ke, ya 1972, inamhusu Ratti, aliyebakwa akiwa mtoto. Isome ukiwa na nafasi ya kutulia, na usiisome mfululizo na Mitro Marjani, kwa sababu mwili unaodai haki yake kule ndio uliojifunga hapa.