Unaitaka zawadi ya ICPS? Anza na barua

Wengi waliomaliza PhD juzijuzi kwenye fizikia ya semikondakta (vitu kama silikoni vinavyotengenezea chipu) wanaijua ICPS, ule mkutano wa kimataifa wa fani hiyo wa kila miaka 2, ila hawajui kwamba IUPAP, muungano wa kimataifa wa fizikia, ina zawadi ya watafiti wachanga wa fani hiyo inayotolewa hapo, yaani medali, cheti na euro 1,000. Cheki kwanza kama unafaa, mwisho ni miaka 8 ya utafiti tangu umalize PhD na muda uliosimama kazi hauhesabiwi, kwa hiyo dada uliyekaa na mtoto mwaka mzima usijitoe mwenyewe jamani, piga hesabu vizuri.

Kazi kubwa ni barua ya kukupendekeza. Usimwachie profesa aandike peke yake usiku wa dedilaini, mpe mapema ukurasa mmoja wenye kitu kimoja ulichogundua wewe. Sio "amefanya kazi nzuri kwenye silikoni". Iwe hivi: watu walidhani elektroni zinapunguzwa kasi na uchafu ndani ya kristali, yeye akaipoza sampuli hadi kelvini 4, baridi kali mno, akapima upya, akaonyesha shida iko pale tabaka mbili zinapokutana. Hapo jaji anamwona mtu. Na kama pepa ina waandishi 9, sema wazi nani alikuza kristali, nani alipima na grafu ipi ni yako.

Bado uko masomoni? Tafuta zawadi za mabango, yale ya utafiti yanayobandikwa ukutani mkutanoni. Grafu moja kubwa katikati, herufi zisomeke mtu akisimama mita 2, halafu jizoeze kuieleza dakika 2 bila kugeukia ukutani.