Kujaza kadi ya kuingilia Thailand ukitokea Tanzania

Joto la Bangkok halitakusumbua. Aliyezoea Dar es Salaam ya mwezi wa pili atakutana na lilelile. Wanaokwama, hasa wanaokwenda kufunga mzigo wa nguo kwa mara ya kwanza, hukwamishwa na makaratasi, na la kwanza ni kadi ya njano, yaani cheti cha chanjo ya homa ya manjano.

Choma chanjo ya homa ya manjano mapema: cheti huanza kuhesabika siku 10 baada ya sindano. Kama ulichanjwa zamani usirudie, kwani tangu 2016 cheti hicho ni cha maisha. Angalia tu kwamba jina limeandikwa kama lilivyo kwenye pasipoti.

Viza unaiomba mtandaoni, thaievisa.go.th. Ikishatoka, watu wengi hudhani wamemaliza. Bado. Tangu tarehe 1 Mei 2025 kila mgeni hujaza pia kadi ya kidijitali ya kuingilia, inayoitwa TDAC, kwenye tdac.immigration.go.th. Ni bure kabisa. Tovuti ikikudai hela kwa ajili ya kadi hii, toka hapo haraka.

Ijaze ndani ya siku 3 kabla ya kufika. Uwe na pasipoti, tiketi na anwani kamili ya hoteli, maana wanataka mpaka mkoa na wilaya. Jina la hoteli peke yake halitoshi. Kuwa makini na tarehe: ukiondoka Dar jioni na kuunganisha Doha au Addis Ababa, utatua kesho yake. Andika siku ya kutua, na namba ya ndege ile ya mwisho inayokuingiza Thailand. Kwenye sehemu ya afya utaulizwa nchi ulizokuwepo wiki mbili zilizopita. Taja Tanzania, usiifiche. Pasipoti yako yenyewe inasema umetoka wapi. Watoto nao kila mmoja ana kadi yake, ila mnaweza kujaziwa pamoja kama kundi.

Kadi itatumwa kwenye barua pepe. Ichapishe, usitegemee simu ambayo chaji inaweza kuisha njiani. Tena soketi zao hazipokei plagi yetu ya pini tatu za bapa, kwa hiyo beba adapta.

Ukitua Suvarnabhumi, uwanja wa ndege wa Bangkok, usikimbilie foleni ya uhamiaji. Tafuta kwanza bango la Health Control (ukaguzi wa afya), uonyeshe kadi ya njano na kupitishwa hapo. Asiyejua hili husimama foleni ndefu na mizigo mkononi, anafika dirishani, anarudishwa kuanza upya. Ukiwa na mtoto au mzazi mzee, mwambie kabla hamjashuka kwenye ndege: tunaanzia afya, halafu uhamiaji.

Kadi ya njano iweke kwenye begi la mkononi. Ikiwa kwenye sanduku ulilolikabidhi, huwezi kulifikia kabla ya dirisha la afya.