Jinsi ya Kumbana Wakala Anayesema Usukani wa Gari Lako Hauna Tatizo

Nimeandika mwongozo huu baada ya kumsaidia dada yangu kudai matengenezo ya gari lililokuwa bado ndani ya waranti. Mara tatu alilipeleka kwa wakala aliyemuuzia, na mara zote tatu alirudishiwa pamoja na karatasi yenye maneno yaleyale, kwamba gari limejaribiwa barabarani na hakuna hitilafu iliyoonekana. Hitilafu ilikuwapo. Katika safari ndefu usukani ulinata katikati, akawa analazimika kuusukuma kwa nguvu ili arekebishe mwelekeo kidogo tu, kisha ukaachia ghafla na gari likahama kuliko alivyokusudia.

Ikiwa usukani wako unakuwa mzito ghafla au unakwama kabisa, usiliendeshe gari hata kwa kulipeleka kwa wakala. Agiza gari la kuvuta na uhifadhi risiti yake.

Hatua ya 1: Ondoa visingizio vya kawaida

Pima upepo wa matairi yakiwa ya baridi, kisha fanyiwa wili alaimenti (kunyoosha pembe za magurudumu) na balansi (kusawazisha uzito wake), na udai karatasi ya vipimo vya kabla na baada ya marekebisho. Mimi siikubali alaimenti isiyo na karatasi, kwa sababu bila vipimo hivyo hakuna atakayejua kama kulikuwa na kasoro. Gari likivuta upande mmoja, matairi mawili ya mbele yabadilishane nafasi, isipokuwa kama yana mshale wa mwelekeo wa kuzunguka. Uvutaji ukihamia upande wa pili, kosa ni la tairi. Usukani ukitetemeka unapokanyaga breki tu, tazama diski za breki kwanza.

Hatua ya 2: Jua hitilafu hutokea lini hasa

Hapa ndipo tulipopoteza wiki nyingi, kwa hiyo nawaomba msiipite haraka. Tulidhani kwamba kueleza tatizo kunatosha. Kumbe fundi wa wakala alikuwa akilizungusha gari kwa dakika chache karibu na karakana, kwa mwendo mdogo na huku akikata kona kila mara, ilhali usukani ule ulinata baada ya gari kwenda moja kwa moja kwa muda mrefu kwenye barabara kuu. Hakusema uongo, alijaribu gari katika hali ambayo tatizo haliwezi kujitokeza.

Andaa daftari, na kila hitilafu inapotokea, simama mahali salama uandike tarehe, kilomita zilizo kwenye dashibodi, mwendo, muda tangu injini iwashwe, hali ya hewa, na kama barabara ilikuwa imenyooka au ina kona. Ukiwa na abiria, yeye ndiye aandike. Sisi tuliona mpangilio wa mambo baada ya kuandika mara saba: tatizo halikutokea hata mara moja kabla ya dakika 20, wala chini ya mwendo wa kilomita 80 kwa saa.

Kuna mtego mmoja katika hatua hii. Barabara nyingi zimeinuliwa katikati ili maji ya mvua yateremke pembeni, hivyo gari zima kabisa linaweza kuelekea taratibu upande wa ukingo. Usipolipima pia kwenye sehemu iliyo tambarare, wakala atakujibu kwamba ni mteremko wa barabara, na hutakuwa na hoja. Picha za video zinasaidia, ila zipigwe na abiria, na zionyeshe usukani pamoja na barabara kwa wakati mmoja. Video ya usukani peke yake haithibitishi lolote.

Vilevile, kompyuta ya kupimia hitilafu isikukatishe tamaa. Kunata au msuguano ndani ya gia ya stelingi (mfumo wa usukani) ya umeme unaweza kuhisiwa na mikono bila kuandika msimbo wowote wa hitilafu. Mwaka 2024 Honda iliyaita magari takribani milioni 1.7 nchini Marekani yarudishwe kurekebishwa kwa sababu gia ndani ya sanduku la stelingi ilitengenezwa vibaya na kuongeza msuguano. Gari la dada yangu si la kampuni hiyo, lakini mfano huo ulinifundisha kwamba "kompyuta haikuonyesha kitu" si jibu la mwisho. Tafuta kwa namba ya chesisi kama mtengenezaji wa gari lako ametoa tangazo la namna hiyo.

Hatua ya 3: Simamia maneno yanayoandikwa kwenye jobukadi

Jobukadi ni karatasi ya kazi ambayo karakana huandika gari linapopokelewa. Mpokeaji wa magari akiandika "mteja analalamika usukani", kataa kwa adabu. Mwombe aandike: "Usukani hunata katikati baada ya dakika 20 au zaidi za mwendo wa moja kwa moja, kuanzia kilomita 80 kwa saa." Usitie saini kabla hujasoma, na uchukue nakala kila unapoliacha gari, hata kama hawakufanya kazi yoyote. Nakala hizo ndizo zinazothibitisha kwamba tatizo liliripotiwa waranti ikiwa hai.

Gereji ya nje inaweza kulikagua gari na kukuandikia maoni, lakini isifungue stelingi, maana wakala atapata sababu ya kuilaumu.

Hatua ya 4: Dai safari ya pamoja

Omba kwa maandishi kwamba msimamizi wa mafundi aendeshe mwenyewe, nawe ukae pembeni yake, kwenye barabara na kwa muda uliouandika. Usiendeshe wewe, kwa kuwa kunata kwa usukani kunahisiwa na aliyeushika tu. Msimamizi wetu alikuwa mkavu mwanzoni, ilipofika dakika ya 25 alinyamaza, akachezesha usukani kidogo kushoto na kulia, kisha akasema, "Dada, nimeuhisi." Akaandika hivyo kwenye jobukadi siku ileile.

Hatua ya 5: Wakikataa, panda juu

Mwandikie meneja, kisha mtengenezaji, kisha mamlaka inayolinda watumiaji katika nchi yako. Barua iwe ya ukurasa mmoja, yenye tarehe na nakala za jobukadi, na iseme wazi unachodai na kufikia lini.

Hatua ya 6: Usipokee gari kwa kuambiwa

Sanduku la stelingi likibadilishwa, ni lazima alaimenti ifanywe upya, na magari mengi huhitaji pia sensa ya pembe ya usukani isawazishwe. Hakikisha namba ya kifaa kipya imeandikwa kwenye ankara. Sisi tulirudi kwenye barabara ileile pamoja na msimamizi, tukaenda dakika 40, na dada yangu akatia saini tulipokwisha kurudi.