Kuhamisha domeini bila kuipoteza: hatua ninazofuata

Mteja akiniambia anataka kuhamisha domeini (jina la mtandaoni kama mfano.com) kwenda kwa msajili mwingine, yaani kampuni nyingine inayosajili majina hayo, namuuliza kwanza: barua pepe yako iko wapi? Wengi hushangaa, maana hofu yao yote iko kwenye siku ya uhamisho wenyewe. Mimi sijawahi kuona domeini ikidondoka njiani. Nilizoona zikipotea zilipotea kabla, muda ulipoisha au ujumbe ulipoingia kwenye sanduku lisilofunguliwa na mtu. Nyingine zilizimika baada ya uhamisho, zilipofutwa rekodi zinazoonyesha tovuti na barua pepe ziko wapi.

Jina lako limeandikwa kwenye daftari kuu. Daftari la .com, kwa mfano, linatunzwa na Verisign. Msajili ni karani tu anayekuandikia humo, na kuhamisha domeini ni kubadilisha karani. Tovuti haihami na barua pepe hazihami. Ukilielewa hilo, nusu ya kazi imekwisha.

Hatua ya 1: Soma hali ya domeini

Tafuta jina lako kwenye RDAP, huduma ya kuangalia taarifa za usajili wa domeini, iliyochukua nafasi ya ile ya zamani, WHOIS, kwa majina kama .com tangu Januari 2025. Angalia tarehe ya kusajiliwa, tarehe ya kuisha, na hali. Ukiona *clientTransferProhibited*, kufuli la kuzuia uhamisho limefungwa. Ni jambo jema, utalifungua baadaye. Kama jina halijafikisha siku 60 tangu lisajiliwe au tangu lihamishwe mara ya mwisho, tulia usubiri.

Muda ukikaribia kuisha, lipia kwanza kwa msajili wa zamani, ndipo uhame. Hupotezi kitu: miaka iliyobaki unahama nayo, na kwa .com uhamisho unaongeza mwaka mmoja juu yake, mradi jumla isizidi miaka 10. Mtego uko kwa anayechelewa. Ukilipia baada ya tarehe kupita, kisha ukahama ndani ya siku 45 za nyongeza zinazofuata tarehe ya kuisha, mwaka uliolipia unaweza kufutwa. Daftari kuu humrudishia fedha msajili wa zamani. Kama naye atakurudishia wewe, hilo ni la kwenu wawili.

Baada ya nyongeza hiyo huja siku 30 za ukombozi, ambapo jina halihamishiki na kulikomboa ni ghali, kisha siku 5 za kusubiri kufutwa. Usizihesabu siku hizo kama zako. Wasajili wengi huanza kunadi jina mapema zaidi.

Hatua ya 2: Barua pepe, tena barua pepe

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko kwingine kote. Msimbo wa uhamisho, yaani nenosiri linaloruhusu jina lihame, na maombi ya uthibitisho hutumwa kwenye anwani ya mmiliki iliyo kwenye kumbukumbu za msajili. Niliwahi kumhudumia mteja ambaye anwani hiyo ilikuwa ya kijana aliyemtengenezea tovuti miaka mingi nyuma, na walishagombana. Tulichukua wiki kadhaa kuthibitisha kwa nyaraka kwamba jina ni lake.

Hatari nyingine ni anwani iliyo kwenye domeini ileile unayoihamisha. DNS, mfumo unaoelekeza jina kwenye tovuti na barua pepe zake, ikiyumba, barua pepe inakatika, na ujumbe wa kukuokoa hauwezi kukufikia. Ni sawa na kufungia ufunguo ndani ya nyumba. Tumia anwani ya nje.

Ila usikimbilie kuibadilisha! Kubadilisha jina la mmiliki, taasisi au barua pepe yake kunaweza kufunga domeini kwa siku 60. Baadhi ya wasajili hukuruhusu kuukataa mfungo huo, lakini ni lazima uukatae kabla ya kubadilisha. Waulize kwanza, kwa maandishi.

Hatua ya 3: Nakili rekodi zote za DNS

Kosa hili nimelifanya mwenyewe. Nilihamisha domeini ambayo rekodi zake zilikaa kwenye seva za majina (kompyuta zinazotunza rekodi hizo) za msajili wa zamani. Uhamisho ulikamilika usiku, msajili akafuta rekodi zake kama alivyo na haki, na asubuhi tovuti na barua pepe vyote vilikuwa kimya. Sikuwa na nakala. Nilizikusanya moja moja kwa kubahatisha.

Tangu hapo sibadilishi msajili na seva za majina kwa pamoja. Naanza na DNS: nanakili rekodi za kila aina (A, MX, TXT, CNAME) na vijina vyote vidogo vilivyo chini ya domeini, naziweka kwenye seva mpya, ndipo naelekeza domeini huko. Kwa .com kumbukumbu ya seva za majina inaweza kudumu kwenye mitandao kwa saa 48, kwa hiyo nangoja siku tatu hivi. Kama DNSSEC, saini ya kuthibitisha kwamba rekodi za DNS ni halali, imewashwa, ondoa kwanza rekodi ya DS inayoiunganisha saini hiyo na daftari kuu na usubiri angalau siku nzima kabla ya kugusa seva. Ukisahau, watu wengi hawataifikia tovuti ingawa kila kitu kinaonekana sawa kwako.

Hatua ya 4: Kufuli na msimbo

Fungua kufuli, omba msimbo. Kwa majina kama .com, yaliyo chini ya kanuni za ICANN, shirika linalosimamia majina ya mtandaoni duniani, msajili anapaswa kukupa ndani ya siku 5. Usiutume kwenye kundi la gumzo. Majina ya nchi, kama .uk, yana taratibu zake.

Hatua ya 5: Anzisha, kisha kaa macho

Weka msimbo kwa msajili mpya na ulipe. Msajili wa zamani atakuandikia, na usipojibu ndani ya siku 5, uhamisho hupita. Ukimya ni ridhaa. Ndiyo maana ujumbe wa uhamisho usiouomba haupaswi kulala kwenye sanduku lako. Januari 2005 domeini panix.com, ya kampuni ya intaneti ya New York, ilihamishiwa kwa msajili wa Australia bila mwenyewe kuridhia, na barua pepe za wateja zikaelekezwa kwingine kwa siku kadhaa.

Hatua ya 6: Funga mlango

Ikishafika, rudisha kufuli, washa uthibitisho wa hatua mbili na ulipaji wa moja kwa moja. Rudisha DNSSEC. Jitumie barua pepe ya majaribio kutoka nje.

Ukikuta jina limehamishwa bila wewe kuomba, mpigie msajili wa zamani saa hiyohiyo na umwambie atumie njia ya dharura ya uhamisho, inayoitwa TEAC. Ni ya msajili kwa msajili, wewe huwezi kuipiga, na msajili wa pili anatakiwa kujibu ndani ya saa 4.