Taa za LED za kushukia milango ya nyuma: kazi ipo kwenye waya, sio kwenye taa

Masika iliyopita mama alishuka kwenye gari yangu usiku mbele ya geti, umeme mtaa mzima umekatika, akafungua mlango wa nyuma akaweka mguu anajua anakanyaga chini, kumbe kuna dimbwi, mguu ukazama mpaka nusu ya goti na kitenge kipya juu. Hakusema kitu. Alinyamaza tu mpaka ndani, na mnajua mama akinyamaza inavyokuwaga. Jumamosi yake nikashika bisibisi.

Gari yenyewe ni Toyota IST ya zamani, ile ya kwanza. Milango ya mbele ilishakuwa na hizi taa za kumulika chini mlango ukifunguka, alinifungia fundi mmoja, ya nyuma nilipomuuliza akasema "nyuma hakuna waya bosi, achana nayo". Na kweli hakuna, yaani waya wa kioo cha umeme upo mlangoni ila unapata moto ukiwa umewasha swichi tu, sasa unazima gari, abiria ndo anashuka, na taa nayo imezima, hapo umefunga pambo. Kinachotakiwa ni waya wenye moto muda wote pamoja na kitu cha kuiambia taa kwamba mlango umefunguka. Vyote viwili viko kwenye bodi, sio mlangoni. Kuvivusha kutoka kwenye bodi kwenda mlangoni ndo kazi nzima, vingine vyote ni skrubu na klipsi.

Kabla sijaendelea, wapo watakaosema nunua zile za sumaku zinazotumia betri ndogo, unabandika tu mlangoni zinachora logo ya gari chini. Nilikuwa nazo. Moja ilidondoka Mbezi sijui saa ngapi, ya pili betri ikaisha wiki ya tatu nikasahau kubadilisha mpaka leo. Kama unataka picha za harusi sawa, kama unataka mama aone dimbwi funga za waya.

Cha kununua: taa mbili ndogo za LED za volti 12, za duara za kuchimbia, ambazo hazipitishi maji (pakiti iwe imeandikwa IP67). Rangi nyeupe ya kawaida, achana na bluu, bluu chini kwenye matope huoni kitu na gari inafanana na baa. Waya laini wenye nyuzi nyingi ndani wa 0.5 mm², rangi mbili tofauti, chukua mita kumi ubaki nao. USINUNUE waya mgumu wa nyuzi moja kama wa kufungia taa za nyumba, mlango unafunguka na kufungwa kila siku, ule utakatika ndani ya mpira unaopitisha waya za mlango na hutajua umekatikia wapi. Halafu kikasha cha fyuzi cha kwenye waya na fyuzi ya ampia 1 au 2, mipira ya kuvika maungio ya waya (ile inayosinyaa na kubana ukiipasha joto), tai za plastiki, tepu ya kitambaa, na mita ya kupimia umeme. Mita ni lazima jamani, ya bei rahisi kabisa inatosha. Wa Dar vyote hivi unavipata Kariakoo kwa mguu mmoja, maduka ya spea Gerezani na maduka ya vifaa vya umeme hayako mbali.

Sasa elewa kwanza swichi ya mlango maana ndo akili ya kazi yote. Kwenye Toyota nyingi za umri huu, fungua mlango wa nyuma angalia kwenye nguzo upande wa loki, utaona kidude cha mpira kinachobonyezwa na mlango ukifungwa. Kile hakitoi moto, kinatoa ethi, yaani upande wa hasi. Mlango ukifunguka kinaunganisha waya wake na bodi ya gari, taa ya ndani inawaka. Kwa hiyo taa yako utaipa moto wa kudumu upande mmoja, na upande wa pili utaupeleka kwenye waya wa swichi hiyo. Mlango wazi, ethi inakuja, taa inawaka. Mlango ukifungwa ethi inakatika. Hakuna rilei (swichi ya kuendeshwa na umeme) hakuna ubongo.

Ila pima kwanza. Chomoa swichi (ni bolti moja tu ya namba 10 au skrubu, na ishikilie waya usirudi ndani ya nguzo, ukirudi utalia), weka mita mguu mmoja kwenye waya wa swichi mwingine kwenye chuma cha bodi. Swichi ikiwa imebonyezwa usome karibu na volti 12, ikiachiwa huku chuma chake kinagusa bodi usome sifuri. Ukipata hivyo uko salama. Ukikuta imebonyezwa na inasoma volti 5 au namba ya ajabu ajabu, ujue ule waya unaongea na kompyuta ya gari, usiunganishe chochote pale, maana taa itawaka kwa mbali usiku kucha na kompyuta inaweza kudhani mlango uko wazi. Kwa gari ya hivyo, na za Ulaya kama VW na BMW ambazo swichi iko ndani ya loki yenyewe, funga swichi yako ya pembeni, zile za sumaku za kengele za wizi za nyumbani zinafanya kazi vizuri, ila hakikisha ni aina inayounganisha mlango ukiwa wazi, ziko za namna mbili na muuza duka mara nyingi hajui.

Kingine, usishangae ukifungua mlango wa kushoto na wa kulia ukawaka. Gari nyingi waya za swichi za abiria zimeunganishwa pamoja njiani. Mimi yangu iko hivyo na nimeiacha, taa ya mlango uliofungwa inamulika kizingiti tu haimsumbui mtu.

Haya, shusha vioo vya nyuma mpaka chini, halafu toa terminali ya hasi ya betri na usubiri kama dakika mbili. Sio mbwembwe. Kwenye nguzo ya katikati ndo yalipo mambo ya mkanda, na gari nyingine zina eabegi za pembeni, waya wowote wenye soketi ya njano au mfuko wa njano usiuguse, usiupime na mita, usiutoboe. Redio itasahau stesheni na saa itarudi mwanzo, vumilia.

Toa kava la mlango. Skrubu moja iko nyuma ya kitasa cha ndani, nyingine kwenye pa kushikia, kuna vifuniko vidogo vya plastiki vinazificha, vibandue na bisibisi bapa iliyofungwa tepu. Halafu zile klipsi za pembeni, vuta kuanzia chini kona, kwa nguvu ila karibu na klipsi, ukivuta katikati kava linapinda. Zikitoka zote nyanyua kava juu, chomoa soketi ya swichi ya kioo. Wenye kioo cha kuzungusha na mkono, chukua kitambaa kipitishe nyuma ya kishikio ukikivuta huku na huku kama unang'arisha kiatu, kile kipini kitaruka chenyewe, na kitaruka mbali, kwa hiyo angalia kinakoangukia. Klipsi mbili tatu zitakatika, nunua kabisa za akiba.

Nyuma ya kava kuna nailoni imegandishwa na gundi nyeusi kama lami. Wengi wanaichana wanaitupa. Ile nailoni ndo inazuia maji ya mvua yanayoshuka na kioo yasije kwenye kava na zulia, ndani ya mlango panaingiaga maji siku zote na yanatokea kwenye vitundu vya chini. Ibandue taratibu kona moja tu ya upande wa bawaba, ukimaliza irudishe, gundi ile ile inashika ukiipasha jua kidogo.

Sasa mpira. Kati ya mlango na nguzo ya katikati kuna mpira wenye mikunjo kama wa akodiani, waya zote za mlango zinapita humo. Hapa ndo fundi wangu alikimbia. Kwanza toa plastiki ya kizingiti na kava la chini la nguzo ya katikati, zote ni klipsi, mkanda uache ulivyo. Fungua mlango mpaka mwisho, ingiza vidole uutoe mpira upande wa bodi, halafu upande wa mlango, utoke kwenye matundu yake ila usiuchane. Tafuta waya mwembamba mgumu, mimi nilitumia waya wa breki ya baiskeli, hanga ya nguo ni nene mno na inatoboa. Ncha yake ikunje ndogo uizungushie tepu ili isichane waya za ndani. Paka sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, sio grisi wala oili, oili inaula mpira. Ingiza ule waya kutokea upande wa mlango kwenda upande wa bodi, huku mkono mwingine unaunyoosha mpira kama unavyoingiza uzi wa sketi ya lastiki. Ukitokea, fungia waya zako mbili kwenye ncha kwa tepu, nyembamba isiwe donge, vuta urudi. Mlango wa kwanza ulinichukua saa nzima na matusi, wa pili dakika kumi na tano. Acha waya uwe na ulegevu kidogo ndani ya mpira, halafu funga na kufungua mlango mara kadhaa uone haubanwi, ndo urudishe mpira kwenye matundu na upitishe kidole mduara mzima uhakikishe mdomo umekaa, usipokaa maji yanaingia kwenye zulia.

Kama gari yako badala ya mpira mtupu ina soketi kubwa ya kuchomeka pale kwenye nguzo, waya haupiti. Hapo unatoboa tundu jingine dogo kwenye bodi na kwenye mlango, yasitazamane sawa, moja juu kidogo moja chini ili waya ujikunje vizuri, unapaka rangi chuma kilichobaki wazi na unaweka mpira wake. Kutoboa bodi mimi singefanya mwenyewe, lakini kila mtu na roho yake.

Mahali pa kukaa taa usipime kwa macho mchana. Subiri giza, bandika taa kwa tepu chini ya kava, ipe umeme wa betri kwa waya mrefu, fungua mlango kama mtu anavyoshuka uone mwanga unaangukia wapi. Nilidhani mwisho wa mlango upande wa loki ndo sawa, kumbe pale inamulika mbali na mguu, ikabidi nisogeze karibu na katikati. Kabla ya kutoboa kava hakikisha kioo kiko chini kabisa, weka kidonge cha unga wa chapati nyuma ya pale unapotaka, bonyeza kava mahali pake halafu litoe, unga uliobanwa utakuonyesha nafasi iliyopo mpaka kwenye chuma au spika. Wife aliniuliza unga unaenda wapi nikasema gereji.

Toboa kuanzia upande wa sura wa kava, tundu dogo kwanza kisha kubwa, tepu ya karatasi juu yake isichubuke.

Waya wa moto niliuchukua kwenye ile fyuzi iliyoandikwa DOME, ya taa za ndani, ina moto muda wote. Kikasha chako cha fyuzi kiwe karibu kabisa na hapo unapochukulia, sio mwisho wa waya, maana fyuzi inalinda kilicho mbele yake tu. Kutoka hapo waya unapita chini ya plastiki za kizingiti mpaka nguzo ya katikati, na wa kulia na kushoto unagawana hapo mbele. Waya wa ethi unatoka taani unarudi kupitia mpira, unakimbia chini ya kizingiti mpaka kwenye swichi ya nguzo ya nyuma.

Maungio yote chomea kwa risasi kama mafundi redio na uvike mpira wa kubana. Za mbele zangu zilisokotwa tu na tepu, joto la Dar likaachia gundi, siku moja taa ya ndani haiwaki na saa ya redio inasoma 1:00, fyuzi imeungua, nimehangaika wiki nzima kutafuta waya uliogusa bodi. Usisokote.

Rudisha betri, jaribu KABLA hujarudisha kava. Haiwaki? Geuza waya, LED ina upande wake, balbu ya zamani ndo haichagui. Inawaka hafifu mlango ukiwa umefungwa, na kwenye mita ulikuwa na volti 12? Ni mvujo mdogo wa umeme, weka rizista ya omu 1,000 ya nusu wati sambamba na taa (mguu mmoja kwenye kila waya wa taa), inazima. Mwisho funga milango yote, subiri nusu saa, weka mita ya ampia kati ya betri na terminali ya hasi, gari imelala isome chini ya miliampia 50. Hata mtoto akiacha mlango wazi, LED mbili za wati moja moja zinakula ampia 0.17 hivi, kwa saa kumi ni kama 1.7Ah tu, hata betri ndogo ya NS40 inaamka nayo. Ila taa ya dari yenyewe kama bado ni balbu ya zamani, hiyo ndo itakayokulaza, ibadilishe siku hiyo hiyo.