Usugu wa Insulini kwa Mtoto Mnene: Mzazi Aanzie Wapi

Mtoto mnene akiota weusi mzito wenye mguso wa mahameli kisogoni, kwapani au kwenye mikunjo ya viwiko, wazazi wengi hudhani hakuoga vizuri, na dodoki hutafutwa. Weusi huo si uchafu. Mara nyingi ni dalili ya usugu wa insulini, yaani hali ambayo misuli na ini haviitikii ipasavyo homoni inayodhibiti sukari, hivyo kongosho hulazimika kutoa insulini nyingi zaidi ili sukari ya damu isipande. Kusugua huichubua ngozi tu.

Anza kwa kipimo kisichohitaji mizani. Msimamishe mtoto ukutani bila viatu, ukate uzi wa urefu wake kutoka utosini hadi kisiginoni, kisha uukunje katikati na kumzungushia kiunoni, baina ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, akiwa ametoa pumzi kwa kawaida. Ncha zisipokutana, kiuno kimezidi nusu ya urefu wake, na mafuta ya tumboni ndiyo yanayohusiana zaidi na usugu huu. Mpime faraghani, ndugu zake wasije wakamcheka.

Kisha mpeleke hospitali, hasa akiwa amefikisha miaka 10 au ameanza kubalehe, na katika familia kuna kisukari, au mama alikipata alipokuwa na mimba yake. Usiridhike na tone moja la damu kwenye duka la dawa, kwa sababu sukari inaweza kuonekana sawa kwa miaka ilhali kongosho linajikalifisha. Sukari ya asubuhi kabla ya kula ikiwa kati ya 5.6 na 6.9 mmol/L, mtoto yuko ukingoni mwa kisukari, ikifika 7.0 na kuthibitishwa kwa kipimo cha pili, ni kisukari. Omba apimwe pia shinikizo la damu, mafuta ya damu na ini.

Nyumbani, jambo la kwanza ni vinywaji. Soda ya mililita 300 huwa na takriban gramu 30 za sukari, na juisi ya ukwaju iliyotiwa sukari kwa mkono mzito haina nafuu kubwa. Maji yawe ndiyo kinywaji cha mezani kwa wote, baba akiwemo, maana mtoto anayekatazwa soda huku wakubwa wakiinywa ataitafuta dukani. Sukari ya chai ipunguzwe nusu kijiko kila wiki, ulimi huzoea. Mbaazi za asubuhi zisiondolewe, kwani nyuzinyuzi na protini zake hupunguza kasi ya sukari kuingia katika damu. Kinachopunguzwa ni mahamri, na tui liwe jepesi. Mchana, nusu ya sahani iwe mchicha, bamia au kachumbari, robo samaki wa kupaka au wa kuchoma, robo wali. Viazi karai na bajia za njiani kutoka madrasa ziwe za siku maalumu. Bibi atasema mtoto anadhoofishwa. Aelezwe kwa adabu, kwani jikoni neno lake ndilo linalofuatwa.

Misuli inayofanya kazi huvuta sukari hata pale insulini inapolemewa, na kwa hiyo dakika 60 za harakati kila siku zina faida hata kabla uzito haujabadilika. Jua likipoa baada ya alasiri, mpira ufuoni au matembezi ya familia katika bustani ya Mama Ngina, pwani ya Mombasa, yanatosha. Mwenye miaka 6 hadi 12 alale kwa muda wa saa 9 hadi 12 kila siku, simu ikiwa chumba kingine.

Usimshindishe na njaa wala kumpa dawa za kupunguza mwili. Kwa mtoto anayeendelea kurefuka, mara nyingi inatosha uzito usimame huku kimo kikipanda. Metformini, yaani dawa ya kushusha sukari ya damu, na dawa nyinginezo ni uamuzi wa daktari. Akianza kuwa na kiu kali, kukojoa mara kwa mara na kukonda ghafla, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, na akitapika au kuhema kwa nguvu, asisubiri hata saa moja.